Jina la Kusomwa Siku ya Watoto Mashahidi

Siku tatu baada ya Krismasi, watu wakiwa bado wanacheua sikukuu na nyota za karatasi zikiwa bado zinaning'inia kanisani, padri wetu hutoka sakristia amevaa nyekundu. Wageni hudhani amekosea kabati. Hajakosea. Hiyo ni Sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale watoto wa kiume wa Bethlehemu, wa miaka miwili kwenda chini, ambao Herode aliwaua wote akimtafuta mmoja asimpate, na nyekundu ni kwa ajili ya damu yao. Watu hawaipendi. Krismasi kanisa hufurika mpaka uani. Tarehe ishirini na nane unaweza kujichagulia benchi zima la kulala.

Mimi huenda kila mwaka. Ni mkunga, mwaka wa thelathini na moja kazini, na siku hiyo naiona ni yangu kuliko hata Krismasi. Lakini nina ugomvi nayo. Shahidi ni mtu aliyeona jambo akalisema. Hawa hata kusema walikuwa hawajui. Walikufa badala ya mtu wasiyemfahamu, mama zao wakiangalia, na yule aliyetafutwa alikuwa ameshavushwa mpaka. Padri husema Kanisa linawaita watakatifu bila kuwauliza walijua nini. Sawa. Mimi nimeshika watoto wengi mno waliokufa bila kujua kitu, na sipendi mtu anipambie habari hiyo kwa maua.

Parokiani kwetu siku hiyo padri husoma majina ya watoto wote waliokufa tangu tarehe kama hiyo mwaka uliopita. Kila jina likitajwa, mtu mmoja husimama na kupeleka mshumaa mdogo mbele ya pango la Krismasi, karibu na hori. Kisha, na hapa ndipo napandwa na hasira kila mwaka, kina mama wenye watoto wachanga huitwa wawalete kubarikiwa. Basi walioweka mishumaa wanarudi kwenye mabenchi wakipishana na wenzao waliobeba watoto wao hai. Nimemwambia padri ayatenganishe mambo hayo mawili. Husema atafikiria. Huu ni mwaka wa saba anafikiria.

Majina mengi yanayosomwa hutoka kwangu. Mtoto mchanga akizidiwa, si lazima padri aje. Mtu yeyote anaweza kumbatiza, maji kidogo kichwani na maneno machache, basi. Kwa hiyo wodini natembea na chupa ndogo ya maji mfukoni. Naomba ruhusa ya mama kwanza, namuuliza jina, nabatiza, halafu naandika kwenye daftari langu. Kabla ya Krismasi nampelekea padri, naye ananakili kwenye kitabu cha ubatizo. Wenzangu wananiita Sista Maji. Ni utani, lakini mtoto akianza kubadilika rangi hakuna anayeniita kwa utani.

Mwaka huu daftari lilikuwa na majina tisa. Manane yalikuwa ya kweli.

La tisa lilikuwa la mtoto wa fundi cherehani. Huyu mama aliletwa mwezi wa tatu, mimba ya miezi saba, damu zinamtoka, akapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Ilikuwa mimba yake ya nne na nyumbani hakuwa na mtoto hata mmoja. Kabla hajapewa dawa ya usingizi alinishika mkono, akanivuta mpaka nikainama.

"Sista, akizidiwa, mbatize. Mpe jina la baba yangu." Akanitajia.

"Lala, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nipo."

Alitoka mtoto wa kiume, kilo moja na kidogo. Tukamweka kwenye kasha la joto la tatu, lile la dirishani. Alikuwa akipumua kwa shida, lakini alikuwa akipumua. Nikasema nitarudi nikishamalizana na mwanamke mwingine aliyekuwa akivuja damu kitanda cha mlangoni. Huyo alinichukua saa nzima na alipona, na kwa hilo hakuna wa kunilaumu. Kosa langu lilianza baada ya hapo. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri na miguu ilikuwa imevimba hata viatu vinaniuma. Kutoka pale nilipokuwa hadi kasha la tatu ni hatua ishirini. Sikwenda. Nikaingia chumba cha wauguzi, nikajimiminia chai, nikakaa. Nilijua mtoto yuko kule na nilijua hali yake. Laiti ningekuwa nimesahau, ningekuwa na pa kujitetea. Nilijiambia nimalize kikombe kwanza, na nikakimaliza kwa dakika kumi na tano.

Nilipofika alikuwa ameshakwenda. Nilimgusa, nikakuta ana joto, nikapata tumaini la kijinga, kumbe lilikuwa joto la kasha. Chupa nilikuwa nayo mkononi na kizibo nimeshakifungua. Lakini maji ya ubatizo ni ya walio hai. Maiti habatizwi, na hilo analijua kila mtu anayeifanya kazi hii. Nikarudisha kizibo.

Mama yake alizinduka saa kumi jioni. Nilipomwambia kwamba mtoto amefariki, akauliza, "Ulimbatiza?"

"Nilimbatiza," nikasema.

Akaendelea kunitazama, akingoja zaidi. Nami nikampa zaidi.

"Maji yalipomgusa alifumbua macho. Akanitazama. Kisha akalala mikononi mwangu."

Akalia, lakini alilia vizuri, kile kilio ambacho mkunga akikisikia anajua kwamba huyu mama ataishi. Nikajiona nimefanya kazi njema. Nikaenda kuandika jina kwenye daftari.

Njia ya mwongo ni fupi, ila yangu ilichukua miezi tisa. Tarehe ishirini na sita mwezi wa kumi na mbili nilikuwa natoka zamu asubuhi, fundi akanikamata langoni mwa hospitali. Alikuwa na tepu ya kupimia shingoni, bila shaka alikuwa ameacha mteja akisubiri.

"Sista, kesho kutwa nataka wewe ndiye umbebee mwanangu mshumaa."

"Mimi? Mshumaa hubebwa na mzazi."

"Mume wangu naye anasema hivyohivyo. Lakini mimi sikumwona akiwa hai, na yeye hakumwona. Ulimwona wewe." Akanishika mkono, palepale aliponishika siku ile. "Halafu nimeongea na padri. Amekubali useme neno moja tu, kwamba alifumbua macho."

"Niseme mbele ya watu?"

"Mbele ya mama mkwe. Yeye anasema yule hakuwa mtoto, ilikuwa damu tu kama zile za mwanzo. Ananiambia niache kuomboleza damu. Nataka asikie kutoka kwako kwamba mjukuu wake alitazama mtu."

Nikasema, "Tutaona."

"Tutaona nini tena, Sista? Si wewe ulikuwepo?"

Nikamwambia nimechoka, nikalale, tutaongea. Sikulala. Nilijilaza na macho makavu hadi mchana, nikijiona nimesimama mbele ya hori na mshumaa mkononi, nikiwadanganya watu kanisani kwenye sikukuu ya mashahidi. Nimewahi kusema uongo mdogo mdogo kama kila muuguzi. Huwaambia watu sindano haiumi. Huu ulikuwa umekua, na sasa ulitaka kutembea kanisani kwa miguu yake.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa padri. Nilimkuta ofisini akikwangua nta kwenye vinara kwa kisu cha mezani, ameweka gazeti magotini. Nikamweleza yote, tangu hatua ishirini mpaka kikombe. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaweka kisu chini.

"Jina lake nimeshaliandika kwenye kitabu cha ubatizo."

"Lifute basi."

"Kitabu kile hakifutwi. Nitaandika pembeni kwamba halikuwa kweli." Akajipangusa vidole. "Niambie, wale watoto wa Bethlehemu nani aliwabatiza?"

"Hakuna."

"Na kesho tutawaita nani?"

"Watakatifu."

"Haya. Mtoto usimhofie, huyo yuko mahali salama kuliko mimi na wewe. Jina lake nitalisoma, maji au bila maji. Mshumaa utawekwa. Mtu anayenitia wasiwasi ni wewe."

"Kwa hiyo nifanye nini, Baba?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye mkunga. Mficha uchi hazai. Si ndivyo mnavyowaambia hao wanawake wanapobana mapaja?"

Nilitaka kumjibu vibaya, kwa sababu huo ni msemo wangu na aliusikia kwangu. Badala yake nikamuaga nikatoka. Nitakuwa mkweli, nilitoka nikiwa nimepata nafuu. Nilikuwa na watoto wa Bethlehemu kibindoni. Niliona nitamwambia fundi kwamba mtoto hakubatizwa, kisha kabla hajaumia nitamwambia kwamba haidhuru, Kanisa lenyewe linasema, na nitamwekea mkono begani, na mambo yatakwisha.

Kibanda chake kina cherehani mbili, moja nzima na moja ya kutolewa vipuri. Mwezi wa kumi na mbili mafundi wote hushona sare za shule, na kwake sketi za bluu zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba ukuta mzima, hata mlangoni unaingia ukizipangua. Alikuwa na pini mdomoni. Akanionyesha kigoda kwa kidevu.

"Fundi, simamisha hiyo mashine kidogo."

Akatoa pini. "Nimalize pindo, Sista. Wewe sema tu, nakusikia."

"Sikumbatiza."

Mashine ikaenda kidogo zaidi, kisha ikasimama. Hakugeuka.

Nami nikaanza kumwaga. Nikamwambia nilichelewa, nilimkuta ameshafariki, maji hayawekwi kwa maiti, niliogopa kumwambia siku ile akiwa na kidonda kibichi. Nikamwambia habari za Bethlehemu, jinsi wale nao hawakuona hata tone la maji na bado Kanisa zima linasimama kwa heshima yao. Nikamwambia padri amesema jina litasomwa vilevile. Nilisema haraka haraka, maneno mengi, kama vile mtu anayefunga mlango asiingie mtu. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Maji sikuulizi," akasema. "Macho je?"

"Macho yapi?"

"Ulisema alifumbua macho."

"Sikuyaona macho yake, Fundi. Yalikuwa yamefumbwa nilipofika."

"Ukasema alilala mikononi mwako."

Nikatazama zile sketi ukutani.

Hapo ndipo akanigeukia. "Kwa hiyo nani alimshika?"

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimebeba majibu yote ya mbinguni na hilo halikuwemo. Ulimi wangu, ambao umeshazoea, ulikuwa tayari kumtaja muuguzi mwingine, mwanafunzi wa mazoezi, yeyote yule. Nikauuma.

"Hakuna mtu."

"Alikuwa peke yake."

"Peke yake."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa nakunywa chai."

"Chai," akasema. Alilisema kama mteja amemtajia kipimo kisichowezekana, na fundi anarudia ahakikishe amesikia sawasawa. "Kwa muda gani?"

"Dakika kumi na tano."

Akaitazama sketi iliyokuwa mezani, akaikunja, akaikunjua.

"Watu husema asiye na mwana aeleke jiwe," akasema. "Mimi nimeeleka maneno yako, Sista. Tangu mwezi wa tatu. Mama mkwe akinisema, namwacha aseme, moyoni najiambia, mwanangu alifumbua macho akaona mtu. Hakuniona mimi, lakini aliona mtu. Nimewaambia wateja. Nimemwambia mume wangu mpaka naye sasa anaisimulia kama alikuwepo."

"Nisamehe."

"Kesho usije."

"Na mshumaa?"

"Nimesema usije."

Uzi ulikuwa umekatika. Akautia tena kwenye sindano mara ya kwanza tu, akakanyaga pedali, akaendelea na pindo. Nikapangua zile sketi nikatoka. Barabarani nililia waziwazi, mtu mzima na kofia yangu ya kazi kwenye mfuko, na watu wakanipisha.

Sikuwahi kukosa Watoto Mashahidi kwa miaka yote hiyo. Mwaka huu niliomba kubadilishana zamu, na mwenzangu akafurahi kwa sababu hakuna anayependa zamu ya wiki hiyo. Saa tatu asubuhi nilisikia kengele ya misa nikiwa nabadilisha shuka. Tulikuwa na watoto wawili, kasha la kwanza na la pili. La tatu lilikuwa tupu lakini limewashwa, kwa sababu kulikuwa na mama wa mapacha aliyetegemewa muda wowote. Sikukaa kitini tangu nilipoingia. Usinisifu. Kiti kilikuwa kinanitia kichefuchefu, basi.

Saa tano fundi akaingia. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na mgongoni mwa mkono wake wa kulia kulikuwa na matone ya nta yaliyoganda. Nilidhani amekuja kunisema mbele ya wenzangu, na nikaona ni haki yake. Nikasimama wima.

"Jina limesomwa," akasema. "Nimebeba mshumaa mwenyewe. Mama mkwe alikuwepo."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu." Akatazama makasha, moja baada ya jingine. "Ni lipi?"

Nilielewa. Kanuni ni kwamba mtu wa nje haruhusiwi kufika pale. "La dirishani," nikasema. "Lakini nawa mikono kwanza."

Akanawa mpaka viwiko, kama ninavyowafundisha mama wote, akabandua ile nta kwa ukucha, akajikausha. Nikamfungulia kile kidirisha cha duara ubavuni mwa kasha, ambacho kina mama hupitishia mkono. Akauingiza wake mpaka juu kidogo ya kifundo. Akashtuka.

"Kuna joto."

"Ndiyo. Huwa tunaliacha limewaka."

"Ulisema dakika kumi na tano."

"Ndiyo."

"Simama hapo uniangalizie saa."

Nikasimama. Saa yetu iko ukutani juu ya sinki, ile yenye mshale wa sekunde unaorukaruka. Mwanzoni alikuwa akipapasa shuka kwa vidole, taratibu, kama anayekagua kitambaa. Kisha akaugeuza mkono kiganja kikaangalia juu, akauacha hivyo, wazi. Mtoto wa kasha la kwanza akalia, nikaenda kumtazama, nikarudi nikasimama palepale. Fundi hakugeuza kichwa. Miguu ilianza kuniuma. Nilipodhani muda umekwisha nikaangalia saa, nikakuta ni dakika ya sita.

Nikaangalia tena baadaye. Ya tisa. Muuguzi mwenzangu akachungulia, nikamfanyia ishara aondoke. Nilitamani sana kusema neno, lolote lile, habari za Bethlehemu, habari za mvua. Ya kumi na moja. Jasho lilikuwa limemtoka fundi juu ya mdomo na hakulipangusa. Mimi nilikuwa namwona mtoto wake pale kiganjani, anapumua, anakosa, anapumua tena, na nikajua kwamba na yeye anamwona, na kwamba huu ndio muda ambao nilikuwa napuliza chai ipoe. Ya kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikataa kabisa kupita.

"Zimeisha," nikasema.

Akautoa mkono. Akaukausha kwenye gauni, ingawa haukuwa na maji, kisha akanitazama, bila hasira, na ningependa zaidi iwe hasira.

"Jana baada ya wewe kuondoka nilikuwa najiambia dakika kumi na tano si kitu," akasema. "Nikasema, mtu akinywa chai tu zimepita, hata yeye hakuzisikia. Nilitaka nikusamehe kwa hilo." Akafunga kile kidirisha mwenyewe, polepole, mpaka kikabana. "Kumbe ni nyingi, Sista. Ni nyingi sana."